Maua Yaliyotoka Kaburini Mpaka Mlangoni

Mella, Machi 1955

Kwa Mama Nangila, mshauri wetu wa gazetini,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba unisaidie kabla ya Pasaka, maana baada ya hapo shauri lako litakuta mambo yamekwisha. Mimi ni Atim, nimeolewa hapa Mella na Omaido, ambaye kazi yake ni kupasua mawe ya chokaa kwa baruti huko upande wa Tororo, huja nyumbani mara moja kwa miezi miwili au mitatu, na siku zote naishi na mama yake, Mama Adeke, sisi wawili tu, nyumba yake na yangu zinatazamana.

Mwaka juzi nilizaa mtoto wa kike, akaishi miezi minne, akafa kwa homa. Katika ukoo huu mtoto asiyeota meno haliliwi, hapigiwi ngoma, majirani hawaitwi, bibi yake ndiye humchukua akamzika mwenyewe nyuma ya ghala na mama mtu haruhusiwi kutoka ndani, basi ndivyo ilivyokuwa, Mama Adeke alimbeba akaenda naye na jembe, akarudi akanawa mikono, akanipa uji, akaniambia, "Usilie. Ukimlilia huyu utafunga njia ya wengine." Nikanyamaza, Mama Nangila, nikanyamaza mpaka nikawa mtu wa kulala nimeelekea ukutani, pamba ikamezwa na magugu, hata nywele sikuchana.

Sasa nakuungamia. Jumapili moja nilikwenda kusali misheni, nikapita penye makaburi ya mapadri, nikaona maua ya rangi ya machungwa ambayo sijawahi kuyaona kwenye boma la mtu, kwa sababu kwetu mtu hupanda kinacholiwa. Nikachuma vichwa vilivyokauka, nikavifunga kwenye pindo la leso bila kumwomba mtu. Mama Adeke aliponiuliza nachimba nini nyuma ya ghala nikasema napanda mboga. Nilipanda pale alipo mtoto.

Yalipochanua nilipiga magoti. Sikujua kama udongo ule ule uliomchukua mwanangu unaweza kutoa rangi ya namna ile, na kila asubuhi nilikuta mengine yamefunguka, nikawa naamka mapema ili niyakute. Mikono ikaanza kuniwasha, nikataka kufanya kitu. Unajua wanawake wa huku hupaka kuta baada ya mavuno, mistari ya vidole tu, Mama Adeke ndiye aliyenifundisha nilipoolewa, lakini mimi nilichukua majivu, masizi ya chungu na udongo mwekundu wa kichuguu, nikakoroga na samadi, nikachora ukuta mzima maua na ndege, kwa vidole na kwa unyoya wa kuku. Wanawake wanaokwenda soko la Busia wakawa wanatua mizigo yao watazame. Karani mmoja alishuka kwenye baiskeli akavua kofia yake kama yuko kanisani.

Halafu mvua za pili zikaja. Maua yaliota yenyewe kutoka kaburini, yakazunguka ghala, yakafuata njia yangu yote mpaka kizingitini. Sikupanda hata moja. Na mwezi uliopita nililala na homa siku kumi, jua kali, mto uko mbali, sikuyapa maji hata tone, lakini nilipotoka nikakuta yamesimama na udongo wake umelowa. Nikasema huu ni muujiza wa Mungu.

Mama Adeke hasemi hivyo. Alipofuata mstari wa maua akaona unakoanzia, alikaa chini. Tangu siku hiyo hapiti njia yangu, huzunguka nyuma ya zizi asije akakanyaga hata moja. Ameniambia, "Yametoka kwa mfu, yamefika mlangoni. Unadhani yanamtafuta nani kama si mwanangu?" Anataka niyang'oe yote na ukuta niufunike kwa samadi kabla Omaido hajaja Pasaka, la sivyo atamngoja barabarani amzuie asiingie kwangu. Omaido naye amemtuma mwenzake wa kazi, Emong, aniambie nifanye atakavyo mama.

Nikiyang'oa najua nitarudi kulala nimeelekea ukutani, na safari hii sitaamka. Nisipoyang'oa, na baruti ikamfanya Omaido kitu, nitaishi vipi na nafsi yangu? Niambie, niyang'oe au niyaache?

Ni mimi, Atim


JIBU LA MAMA NANGILA

Yoga, Atim. Nimekusalimu kwa salamu ya kwenu ili ujue kwamba ukali unaofuata hautoki kwa mgeni.

Kwanza, umeiba mbegu za misheni, tena makaburini. Jumapili ijayo nenda ukamwambie padri. Pili, ulimwambia mama mkwe wako unapanda mboga, na mboga hiyo sasa imefika mlangoni inawagombanisha. Uongo wako ndio uliomtisha, zaidi ya maua yenyewe. Ungemwambia tangu mwanzo, angeyaona yakitembea polepole kama ulivyoyaona wewe.

Na yalitembeaje? Una kuku, una ufagio, na unafagia kila siku kutoka ghalani mpaka mlangoni. Mbegu hizo ni nyepesi, zina kijimkia, hubebwa na chochote. Usifikiri nimekuondolea ajabu yako. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikatoka nje nikautazama uwanja wangu mtupu, mimi niliyepanda maharage miaka arobaini nikijiona mwanamke wa maana, nikaona haya. Ua likishafunguka ni ajabu tu, hata kama mbegu yake imeletwa na kuku.

Lakini kuku hachoti maji. Mungu anaweza yote, binti yangu, ila siku zile kumi alitumia kichwa cha mtu na mtungi wa mtu. Mko wawili bomani. Wewe ulikuwa kitandani. Hesabu mwenyewe waliobaki.

Umeshahesabu? Vizuri. Mtu anayechukia ua hulikanyaga akapita. Huyu mzee anazunguka zizi zima, na magoti yake ya uzeeni, asivunje hata moja. Yanamtisha na anayapenda, na hana pa kulisema hilo, kwa sababu mdomo uliokuambia usilie ulikuwa umeshajikataza wenyewe kwanza. Wewe ulifungiwa ndani. Yeye ndiye aliyemweka mjukuu wake udongoni kwa mikono yake, akarudi akakupikia uji. Umewahi kumuuliza alilalaje siku ile? Katika barua yako yote sikuona swali hilo, na nimekasirika kidogo.

Hofu yake kwa mwanawe usiicheke. Mwenye mtoto kwenye baruti haambiwi asiogope. Mtumie Omaido neno kwa huyo huyo Emong: awe mbali fataki zinapowashwa, na Pasaka asitume mtu, aje mwenyewe amsikilize mama yake kwa masikio yake.

Sasa fanya hivi, na usingoje Pasaka. Usiyang'oe. Mpelekee Mama Adeke kigoda, wewe uketi chini mbele yake, umwambie ukweli wa mbegu, zilitoka wapi na ulizipanda kwa nini. Mshukuru kwa maji, wala usimuulize kama ni yeye. Yale yaliyoota kizingitini, upana wa mlango tu, yahamishe pamoja na udongo wake, ili mwanawe akija apite mahali peupe na moyo wa mama yake utulie. Hilo ni dogo, mpe. Ukuta usiufunike. Mwachie sehemu iliyo upande wa nyumba yake, umkorogee majivu na udongo mwekundu, umwambie, "Mama, hapa pamenishinda." Atakufokea kwamba unyoya unaushika vibaya. Mwache afoke, mradi vidole vyake vimeingia kwenye rangi.

Yale maua ya kizingitini myapeleke nyuma ya ghala, nyinyi wawili, mchana, majirani wakiona. Akilia usimnyamazishe, na wewe ukilia usikimbilie ndani. Jembe libebe wewe, yeye mwache atangulie kuonyesha mahali. Mara ya kwanza alikwenda peke yake.