Jicho la Mkaguzi

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Duka la Dawa,
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo huko uliko? Ile baridi uliyoilalamikia umeizoea, au bado unalala na soksi? Na zamu za usiku wodini, mnapumzishwa angalau? Mama anauliza kama unakula vizuri. Mjibu kwamba unakula, hata kama si kweli.

Sisi hatujambo. Jicho la Mama lililofanyiwa upasuaji limepona kabisa. Sasa anaona hata vumbi lililo juu ya kabati, na taabu imetuhamia sisi.

Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu nakosa maneno, na jambo lenyewe linamhusu paka wako, Mkaguzi. Usishtuke. Soma mpaka mwisho ndipo ulie, ikiwa bado utataka kulia.

Asubuhi moja Mkaguzi hakuja kulalia kitambaa ninachotaka kukata, nikajua kuna neno. Nilimkuta chini ya meza ya kupigia pasi, jicho la kulia amelifumba, machozi yanamchuruzika. Nilipolifunua kidogo niliona ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Tulimshuku paka wa muuza nyama, ambaye amekuwa na ugomvi naye tangu zamani.

Nilikuwa na sare za shule za kukabidhi, nikasema tutampeleka kwa daktari kesho yake. Mama hakuweza kungoja. Akatoa ile chupa ya matone aliyobakiza baada ya upasuaji wake, akamtia paka. Alisema dawa ya macho ni dawa ya macho. Mimi, kaka yako mwenye akili zangu timamu, nikamsifu. Wewe muuguzi ungetupigia kelele mlangoni.

Kulipokucha jicho lilikuwa limevimba na kugeuka rangi ya buluu, nikaziacha sare tukampeleka mbio.

Daktari wa mifugo ni mama mmoja mwenye buti za mpira na sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alimtia Mkaguzi rangi fulani jichoni, akammulika, na mchubuko ukang'aa kijani juu ya kioo cha jicho. Akauliza tumemtia nini. Mama akaitoa chupa mkobani. Daktari akaisoma, kisha akaeleza kwa upole kwamba dawa ile hutuliza jicho la mtu aliyepasuliwa, ila kwenye mchubuko huzuia kidonda kisifunge, nacho kikaendelea kuchimba. Jicho huenda likapona, huenda likabidi litolewe. Hakutuahidi kitu.

Tangu hapo Mama hakumgusa tena paka. Alisema mikono yake ina mkosi. Akanikataza nisikuandikie chochote mpaka tujue mwisho wake. Nilimsikia akimwambia wifi yako, "Mtoto ameniachia paka mmoja tu, na huyo mmoja nimempofusha."

Daktari alitaka Mkaguzi avalishwe kola ya kukinga uso ili asilikune jicho, lakini zilizobaki kwake zilikuwa za mbwa wakubwa. Nikamwambia asihangaike, kola ndiyo kazi yangu. Nikaishona kwa kanvasi, nikaitia bitana, nikaipiga pasi. Ilimkaa sawasawa, akawa kama karani wa benki. Kisha akainua mguu, akajikuna juu ya kola ile ile, sote tukitazama. Miaka yote nashona kola zilale chini zisimguse mtu kidevu, basi mkono ukafuata mazoea. Wifi yako alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Niliifumua nikashona nyingine iliyosimama kama faneli ya kumiminia mafuta. Mbaya hiyo, ila inafanya kazi.

Matatizo yakahamia kwenye dawa mpya aliyotupa daktari, ambayo hutiwa mara nyingi kwa siku. Mimi nilishika, wifi yako akadondosha, na mikono yangu sasa ina mikwaruzo kama ya mchuma miba. Tone moja liliingia jichoni, mengine yakaishia kwenye suruali ya mteja. Unajua paka wako hutulia kwenye paja la Mama tu. Nilimbembeleza Mama, akageukia ukutani.

Aliyemshinda ni Mkaguzi mwenyewe. Mchana mmoja alienda chumbani kwa Mama akigongagonga faneli yake kwenye milango, akajaribu kupanda kitandani, akaanguka, akajaribu tena. Mama alimtazama weee, mwisho akainama akampakata. Kisha nikasikia naitwa.

"Lete hiyo dawa," akasema.

Alipiga moyo konde na tone likaingia. Tangu siku ile hakumruhusu mtu mwingine aishike chupa.

Ijumaa tulirudi kwa daktari. Akatia ile rangi, akamulika, kijani hakikuonekana popote. Kidonda kimefunga, mdogo wangu. Jicho liko wazi na linaona. Kimebaki kialama cheupe kama kichwa cha pini, huenda kikafifia, huenda kikabaki. Nilifurahi hata nikamkumbatia daktari na buti zake.

Njiani nilimwambia Mama kwamba mambo yamekwisha salama, hakuna haja wewe uijue habari ya chupa. Alisimama pale pale barabarani.

"Mwandikie kwamba ni mimi," akasema. "Akirudi akaiona alama, asimuulize mtu mwingine."

Basi nimeandika yote. Amekaa hapa karibu nami, paka mapajani, na nimemsomea tangu mwanzo. Anasema nimesahau neno moja: anakuomba radhi. Mimi naujua moyo wako, ningeweza kumjibu mwenyewe hapa hapa, lakini jibu langu halitamtosha. Barua yako inayofuata usiielekeze kwangu. Mwandikie yeye.

Wifi yako anakusalimu sana, pia Mama Mkubwa na shangazi wa ng'ambo ya barabara. Nisalimie mwenzako wa chumbani. Mungu akulinde wewe unayekesha na wagonjwa wa watu, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Wako akupendaye, mikwaruzo na yote,
Kaka yako fundi.