Mnafu wa Mpakani

Jumamosi, Nangwa. Ukungu umeufunika mlima tangu asubuhi, na mimi sina amani.

Wiki tatu sasa kuna mtu anaingia bustanini kwangu nikiwa shuleni nafundisha, anang'oa magugu. Haibi kitunguu, hagusi kabichi. Magugu tu, tena upande mmoja, mpakani kwangu na Mama Tluway, yule mjane mzee jirani yangu.

Nani anapalilia bustani ya mtu bure?

Kiwanja nilinunua kwa karatasi ya kijiji, lakini karatasi ni karatasi. Huku ukipalilia kipande misimu miwili mwenyewe akinyamaza, siku moja utasikia ni chako. Nikaona alama za ndala, zinatokea kwake. Basi, nikajua. Asubuhi tunasalimiana vizuri kabisa, shikamoo mama, marahaba mwanangu, huku moyoni nasema utanikoma.

Jana nikanunua dawa ya magugu mjini Katesh. Siku hizi kila duka linauza, yangu nimepimiwa kwenye chupa ya soda, haina hata maelezo. Nikapuliza mpaka wote. Magugu yakifa, atapalilia nini? Sikumwambia mtu.

Leo mchana natoka kuchota maji, nakuta mnafu wa mpakani umechumwa. Ulikuwa bado mbichi, dawa haijaukausha. Kwangu mnafu ni gugu. Nikakumbuka kwamba kwa wenzangu ni mboga.

Nilikimbia kwa Mama Tluway bila viatu. Ugali umeshaiva, wajukuu wake wawili wamenawa mikono. Hata shikamoo nilisahau.

"Mama, msile hiyo mboga. Nimeipulizia dawa jana."

Aliibeba sufuria hadi shimo la taka, akaimwaga, akafukia. Akasema alikuwa anachuma mboga huku ananisaidia, maana mnafu ukiachwa ukamwaga mbegu, bustani yote inajaa. Kisha akaniangalia.

"Ulijua kama naingia kwako?"

Nikasema sikujua.

Akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu ndiye aliyenileta kwa wakati.

Nilijua. Kwamba anakula sikujua, lakini kwamba anaingia nilijua, na nikapuliza nikanyamaza. Ningechelewa kidogo tu kisimani, wale watoto wangekuwa wameshakula.

Naogopa kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Kesho tutakutana kanisani. Atanipa mkono mbele ya watu, ataanza kusimulia nilivyowaokoa. Nitamwacha amalize?