Mkono Mbovu wa Mwalimu

Shikamoo, Mama.

Naandika nimekaa chini, miguu imevimba. Yule mwalimu Mzungu, ambaye mimi ni mkalimani wake, aliwahi kuchezea nchi yake mpira wa mikono kwenye Olimpiki. Mvi zimemjaa, lakini watu bado wanafurika kumwona akirusha.

Kule Kishanda bibi mmoja alimkaribisha kahawa ya kutafuna, naye akaipokea kwa mkono mmoja! Wenyeji wakaona wamedharauliwa. Nikamwokoa kwa kusema ule mwingine uliumia mpirani. Tangu hapo kila kijiji kinaleta dawa ya mkono, na mbebaji ni mimi.

Leo, hapa Muleba, amepokea ndizi kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha. Watu wakashangilia kuliko bao: amepona!

Dawa zote nakuletea, upake magotini.

Mwanao,
Kamugisha