Niling'oa Bamia za Baba Mkwe, Nikasingizia Kuku

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Huwa nasoma majibu yako kila wiki nikiwa kazini, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikisema jambo dogo namna hii mtu analipelekaje gazetini, basi leo zamu imenifikia mimi, na nakuomba usinicheke, au kama ni lazima, unicheke ukishanisaidia.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, karani wa masjala, kazi yangu ni mafaili kutwa nzima, na kwa sababu hiyo majirani walinichagua kuwa katibu wa kamati ya mtaa wetu, mtaa wa nyumba zinazofanana kuanzia paa hadi rangi ya geti. Kamati ndiyo iliyotunga kanuni za mtaa, ukurasa mmoja na nusu, na aliyeziandika ni mimi. Kanuni ya nne inasema kwamba mbele ya nyumba, upande unaoonekana barabarani, ni nyasi na maua peke yake, pasioteshwe mboga wala kitu chochote cha kuliwa. Ilianza kwa sababu mtu mmoja wa kona alipanda mahindi yakarefuka hadi magari yakawa hayaonani, lakini tulipokaa kuiandika tukajikuta tumefunga kila kitu mpaka kitunguu, na nakiri kwamba neno "chochote" ni langu, nililipenda lilivyokaa pale.

Mtu wa kwanza kupelekewa onyo alikuwa jirani yangu wa nyumba ya tatu, muuguzi, mama mpole sana, alikuwa na miche kumi na miwili ya nyanya chini ya dirisha lake. Aliing'oa siku ileile, nyanya zenyewe bado za kijani, akazitia kwenye beseni, na mimi nimesimama getini na faili langu kwapani nikijiona nimefanya kazi. Baadaye aliniletea barua ya kuomba mkutano uifikirie upya kanuni hiyo, nikamwambia nimeipokea, nikaiweka kwenye droo, na mpaka leo iko kwenye droo. Bado ananisalimia kila asubuhi, na salamu yake inanichoma kuliko kama angeninunia.

Sasa Shangazi, miezi saba iliyopita mama mkwe wangu alifariki, na mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu na nyumbani huja siku mbili tatu kwa mwezi, akaniomba baba yake aje akae nasi, nami nilikubali kwa moyo mweupe kwa sababu mzee huyu tangu niolewe hajawahi kuniita kwa jina lingine ila mwanangu. Ni fundi cherehani, ameshona miaka arobaini na kitu, sasa macho hayaoni tena tundu la sindano. Siku aliyohamia nilimsomea kanuni zote za mtaa, za taka, za kelele, za mifugo, za bustani, akaitikia kwa kichwa, lakini nilijua hasikii, alikuwa anaitikia tu ili nimalize. Baada ya hapo akakaa kwenye kiti cha sebuleni na akawa kama amegandishwa pale, ukimwekea chakula anamega mara mbili anasema nimeshiba, ukimwambia baba tutembee kidogo anasema kesho, na kesho yake anasema kesho.

Halafu siku moja narudi kazini namkuta mbele ya nyumba amepiga magoti, futi kamba yake ya ushonaji shingoni, chaki mkononi, amevuta uzi kutoka ukutani hadi kwenye njia na anapima udongo kama anapima kiuno cha mteja, mistari imenyooka hata bwana shamba asingeiweza. Nikafungua mdomo nimwambie baba, kanuni ya nne, naye akainua uso akasema, "Umerudi mwanangu? Njoo uone." Hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyoyaanzisha mwenyewe tangu msibani, Shangazi, nikaufunga mdomo wangu. Nyuma ya nyumba hapafai, ni saruji tupu na tangi la maji na kamba za nguo, na jua halifiki. Mchicha ukatoka, bamia zikatoka, na baba akatoka pia. Akaanza kula, akaanza kunitania kwamba chai yangu inafaa kuogea, na mume wangu alipompigia simu akaniambia sauti ya mzee imerudi.

Basi Alhamisi iliyopita mwenyekiti wa kamati akanipigia akasema Jumamosi tunapita kukagua, na kwako pakoje katibu, nikajibu pako sawa. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Ijumaa kumepambazuka, baba yuko bafuni, na yeye akiingia bafuni humtoi upesi, nikatoka na mfuko wa taka nikang'oa mistari miwili ya bamia iliyokuwa upande wa barabara, yote, nikasawazisha udongo kwa mguu, nikapachika maua ya mkebe. Nilibakiza mchicha ulioko pembeni na miche minne ya bamia iliyojificha nyuma ya waridi. Baba alipotoka akasimama pale na taulo begani. Nikamwambia, "Kuku, baba. Nimekuta kuku wa watu wamemaliza."

Akasema, "Kuku?"

"Ndiyo baba, kuku."

Akautazama udongo niliousawazisha, akasema, "Basi. Kuku hana kosa, mwanangu. Hajui alichokula." Na hapo ndipo aliponieleza, kwa upole, akiwa ameshika ukingo wa ukuta, kwamba mbegu zile alizifunga marehemu mama kwa mikono yake kabla maradhi hayajamlaza kitandani, kila aina kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye nguo alizoshona yeye, na za bamia alikuwa ameziotesha zote, hakubakiza hata punje moja.

Jumamosi kamati ilipita, mwenyekiti akasema katibu wetu ni mfano wa kuigwa. Baba sasa anashona uzio wa magunia ya nyavu kuwazuia kuku, kwa macho yale yale yasiyoona, vidole vyote vimechomwachomwa, na asubuhi anatoka na kigoda analinda. Amemwambia mume wangu kwenye simu kwamba kuku wamekula bamia na mke wako amehuzunika kuliko mimi, mpe pole, na mume wangu akanipa pole. Na sahani ya chakula ameanza kuisukuma tena. Jumamosi ijayo ni mkutano mkuu na mimi ndiye wa kuzisoma kanuni mbele ya watu. Nikimwambia baba ukweli naogopa atarudi kwenye kile kiti na safari hii hatainuka, na nisipomwambia kila siku nampelekea chai pale kwenye kigoda anapomvizia kuku niliyemtunga mimi. Nimefikiria niiambie kamati kwamba bamia nayo hutoa ua, ua la manjano zuri sana, kwa hiyo ni ua. Je, huo ni uongo? Nifanye nini, Shangazi?

Mkwe mwenye aibu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Sikukucheka. Nilicheka mara moja tu, pale kwenye "nililipenda lilivyokaa", kwa sababu nami nimewahi kulipenda neno langu kuliko mtu aliyekuwa mbele yangu.

Tuanze na lililo chungu. Hakuna aliyekutuma kung'oa. Mwenyekiti alikuuliza kwako pakoje, swali ambalo mtu mzima angelijibu kwa kusema, "Pana mboga, mwenyekiti, na nina maneno ya kusema." Wewe ukakimbilia mfuko wa taka. Usiiambie nafsi yako kwamba ulikuwa unalinda kanuni. Ulikuwa unalinda uso wako, usionekane katibu anavunja alichokiandika. Na hilo la ua la manjano si uongo, ni ujanja wa karani, na ujanja wa karani ndio uliotufikisha hapa. Liache.

Sasa nisikilize vizuri, maana naona jambo hili limekupita ukiwa umelishika mwenyewe. Mtaa uliokumbuka kukataza hata kitunguu haukusahau kuku. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ulimsomea mzee kanuni za mifugo. Je, kuna nyumba hata moja hapo inayofuga kuku? Umewahi kusikia jogoo akiwika hapo mtaani? Na kuku akiingia bustanini huparua, hudonoa majani, huacha vumbi na manyoya. Hang'oi mistari miwili kutoka mwanzo hadi mwisho pamoja na mizizi, akasawazisha udongo, akapanda maua ya mkebe juu yake. Huyo mzee ametumia miaka arobaini kutazama nguo na kujua ni wapi mtu amefumua akashona upya akidhani haitaonekana. Macho yake yamechoka, sikatai, lakini hayajachoka kiasi hicho.

Mwanangu, anajua. Alijua akiwa bado na taulo begani. Aliposema kuku hana kosa, hajui alichokula, hebu jiulize alikuwa anamwambia nani. Halafu akamwambia mwanawe akupe pole wewe. Mtu aliyepokonywa mbegu za mkewe anatafuta namna ya kukufunika usiaibike mbele ya mumeo. Ule uzio haushoni kwa ajili ya kuku. Anashona kwa sababu wewe ulisema kuku, na yeye hataki uonekane mwongo ndani ya nyumba yako. Anachoma vidole kukulindia maneno yako, nawe unampelekea chai.

Kwa hiyo hofu yako umeielekeza siko. Unaogopa kwamba ukweli utamrudisha kwenye kiti. Mimi naona kinachomrudisha ni kukaa peke yake na jambo ambalo nyote wawili mnalijua na hakuna anayelisema. Amempoteza mtu aliyekuwa akizungumza naye kila kitu. Asikupoteze na wewe mkiwa nyumba moja.

Sasa fanya hivi. Leo, ukirudi kazini, kabla hujavua viatu, nenda mpaka kwenye kigoda chake ukae chini. Sema, "Baba, ni mimi." Usitangulize kamati, usitangulize mwenyekiti, usiseme "ililazimika". Maneno matatu yanatosha, mengine yatafuata yenyewe. Kisha umwonyeshe ile miche minne nyuma ya waridi, maana huenda anadhani hata hiyo hujui kama ipo. Ile isichumwe hata bamia moja. Izae, ikomae, ikaukie juu ya mti wake mpaka maganda yapasuke. Itakuwa mirefu na itakuwa mibaya kuitazama, nayo itaonekana barabarani, na hapo ndipo ukatibu wako utakapopimwa.

Kesho yake toa barua ya muuguzi kwenye droo. Usimtumie mtu, ipeleke mwenyewe mpaka mlangoni kwake, umwambie uliificha, umwombe radhi kwa nyanya zake. Akikufungia mlango, vumilia. Akikukaribisha, ingia. Kisha iweke barua hiyo iwe ajenda ya kwanza ya Jumamosi, na kwa ajenda hiyo mpe mtu mwingine kalamu aandike yeye, kwa sababu wewe utakuwa umesimama unaeleza ulichokifanya kwenye bustani yako siku moja kabla ya ukaguzi. Waambie kilichowasumbua mwanzo kilikuwa mahindi ya kona na magari kutoonana. Basi kanuni iseme urefu, iseme kona, na ifute lile neno ulilolipenda. Mzee naye aje. Kwa sababu, tusidanganyane, naye si malaika, alisomewa kanuni ya nne akaitikia kwa kichwa na bado akavuta uzi wake. Aje aulizwe na ajibu mwenyewe, mdomo anao.

Mkutano ukikataa, hewala. Utatii kama muuguzi alivyotii, bila kununa, na utaomba jambo moja tu: miche minne, mpaka mbegu zikauke. Sidhani kama kuna mtaa utamnyima mjane wa kiume jambo hilo, lakini ukinyimwa, ihamishie kwenye ndoo kubwa pamoja na udongo wake, taratibu, mzee akiwa anakuelekeza, na kila asubuhi uibebe kuitafutia jua. Utachoka mgongo. Ni sawa uchoke.

Mumeo umwambie mwenyewe kwa simu, asisikie kwa mwingine, na umrudishie ile pole yake.

Na la mwisho, mwanangu, nakujua kwa kalamu yako tu lakini nakujua. Ukishasema "Baba, ni mimi", utataka kulia. Jizuie. Ukianza kulia wewe, huyo mzee atakuinua, atakufuta uso, atakuambia si kitu, na atameza la kwake tena. Kaa palepale chini, unyamaze, umwache yeye alie kwanza.