Ghati Ametembea Bila Kamba

Shemeji Bhoke,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi Marwa, mdogo wa mume wako. Nina habari, na nitaziandika haraka haraka kabla hazijanipasua kifua!

Tangu tukuzike nimepata kazi kwa Dresa Okelo, yule anayetutibu pale zahanati. Nafagia, nachota maji, na akiletwa mgonjwa wa akili, mimi ndiye nakaa naye. Zahanati unaijua, chumba kimoja na benchi. Dawa za kutuliza zikitoka bomani zinaisha upesi. Kwa hiyo tunakaa na mtu, tunaongea naye.

Jana wakamleta Ghati kutoka Nyarero. Tangu ajifungue hapati usingizi, anapiga kelele, anataka kukimbilia mtoni. Mume wake, Mwita, alikuwa amemfunga kwa kamba ya ng'ombe. Mikono imevimba, shemeji. Nilipoiona, yangu ikauma.

Nikasema, "Mfungue."

Mwita akaniuliza, "Akikimbilia mtoni, utamfuata wewe?"

"Nitamfuata."

Watu wakacheka. Wananijua kama yule kichaa wa kijiji cha Nyanungu. Nikakunja mikono ya shati, nikawaonyesha makovu yangu. Nikawaambia habari zako: jinsi nilivyofungwa kwenye nguzo ya ghala, na wewe unaniletea uji, unasema, "Marwa, kunywa, leo mbuzi amezaa mapacha." Habari za nyumbani tu, kama unavyomwambia mtu yeyote. Nikawaambia na siku ile kaka alipokwenda mnadani, ukaikata kamba, ukanitembeza mpaka kwa dresa. Kwamba kaka aliporudi alikupiga, hilo sikuwaambia. Nilishindwa. Asante, shemeji. Ulipokuwa hai sikuwahi kukuambia neno hilo.

Hakuna aliyecheka tena. Mwita akaifungua kamba mwenyewe. Ghati akanizaba kofi, kofi la kweli! Halafu akakaa chini. Akameza dawa kidogo iliyokuwa imebaki, akalala mpaka jioni. Leo asubuhi ameomba maji ya kuoga, halafu akasema, "Mtoto wangu yuko wapi?" Mama mkwe wake, aliyekuja na mtoto, akamsogezea. Amemnyonyesha, Bhoke! Baadaye ametembea uani, anajishikilia ukutani, na Mwita, mwanamume wa Kikurya, analia mbele za watu.

Hajapona bado. Dresa ameniambia nisijidanganye. Lakini acha leo nifurahi.

Watu wa Nyarero wamenieleza kuna mzee huko kwao amefungwa ndani tangu mavuno ya mwaka jana. Jumamosi naenda kwake, na dresa amekubali kuja. Nakuahidi, nyumba hiyo sitaipita.

Lala vizuri, shemeji yangu.

Marwa