Nilimsuka Dada Badala ya Kumnyoa

Shangazi Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie maana sina pa kuuweka uso. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu, na dada yangu wa tumbo moja anatibiwa saratani ya titi, na baada ya dripu ya kwanza muuguzi alimwambia nywele zitatoka, basi akaja akakaa kitini kwangu akasema, "Mdogo wangu, ninyoe wewe kabla hazijaniaibisha," nami nikajitia kujua kuliko muuguzi, nikamwambia acha hizo, nywele nazijua mimi, zikibanwa vizuri haziendi popote, nikamsuka mistari midogomidogo nikakaza hasa, na kusema kweli niliona nikimnyoa nitakuwa nimekubali kwamba anaumwa.

Siku tisa baadaye akarudi analia kichwa kinamuuma, ilikuwa Jumamosi, viti vimejaa, nikashika mstari mmoja niulegeze, ukabaki mkononi mwangu mzima, halafu wa pili, dada akajitazama kwenye kile kioo changu kikubwa, akajifunika taulo langu la madoa ya rangi akaondoka nalo.

Sijaenda kwake wiki tatu sasa, natuma mawigi tu, manne, yote yamerudi. Binti yake ananiambia, "Mama mdogo, amebakiwa na vishungi viwili nyuma ya masikio, tumemwitia vinyozi wawili kawafukuza, anasema kichwa chake hakiguswi na mtu asiyemjua." Kachukia kazi yetu yote kwa sababu yangu. Dripu ya pili alikwenda kajifunika taulo lile lile, ya tatu ni Alhamisi na anasema haendi tena kutazamwa. Akiacha dawa nitaishije mimi? Najuta, Shangazi, najuta mpaka mikono naichukia.

Msusi mwenye majuto

Mwanangu, pole. Sasa kaa nikuseme.

Nywele hukuzing'oa wewe, ni dawa. Zingetoka tu, usuke usisuke. Ila ngozi ya kichwa uliikaza wewe mpaka ikauma, na mgonjwa alikuomba jambo moja ukampa la kwako. Halafu ukajificha wiki tatu nyuma ya mawigi! Nani alikuagiza mawigi? Hebu niambie.

Nenda leo. Usibebe wigi hata moja. Mwombe radhi kabla hujakaa, na usianze kujieleza. Akikufokea, fokewa. Kisha muulize anataka nini, na safari hii fungua masikio. Akitaka kunyolewa, tumia mashine uliyoisafisha vizuri, wembe uache saluni, maana kidonda kidogo kwake sasa ni hatari. Ukiona wekundu au upele, usiguse, mwulizeni muuguzi. Akitaka kitambaa, kofia au kipara kitupu, ni kichwa chake, si kitabu chako cha mitindo. Alhamisi funga saluni, nenda naye, ukae naye mpaka dripu iishe. Wateja watasubiri, na wasiposubiri shauri yao.

Na hao vinyozi wawili, mbona umeelewa vibaya hivyo? Isome tena barua yako, pale binti aliposema hakiguswi na mtu asiyemjua. Dada yako hajaichukia kazi yenu. Alikuomba umnyoe wewe, na mpaka leo hajanyolewa.