Wimbo Ulikatika Langoni

Accra, 4 Machi

Mdogo wangu Ebo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na foleni. Mimi mzima, ila usingizi sina. Goti lako je?

Nimepewa mradi mkubwa, mfumo mpya wa benki, na mimi ndiye meneja wake. Kila asubuhi mafundi wa kompyuta wananisubiri, kila mmoja na kisingizio chake. Jimu yangu ya mazoezi nakuachia. Ni jasho langu, unajua, lakini mpaka tukabidhi mwezi wa tano nisiletewe jambo lolote la huko. Lolote, Ebo. Msalimie Maame Nyaniba. Mwambie asimalize nyimbo zote za mbio za Jumamosi, aniachie mbili.

Dada yako, Araba

Takoradi, 19 Machi

Dada Araba,

Shikamoo. Huku salama, goti linalalamika lakini linakimbia. Jumamosi tulitoka wengi kukimbia barabarani, ngoma mbele. Maame Nyaniba amekushtaki kwa kila mtu: "Huyo Araba alinitoa kwenye samaki wangu wa kuchoma, akasema nikikimbia presha itashuka. Sasa yeye amekimbilia wapi?" Tulicheka mbavu hatuna! Tulipofika penye nyumba yenye msiba tukakata wimbo kama kawaida yetu, tukapita kimya, yeye bado ananong'ona kukusema.

Ila siku hizi anachoka, dada. Anakuulizia. Njoo hata Jumamosi moja.

Mdogo wako, Ebo

Accra, 22 Machi

Ebo,

Hujambo? Sijambo. Tulikubaliana nini? Mteja amebadili mawazo tena, bosi ananifokea, na wewe unaniletea uchovu wa Maame. Mpe mazoezi mepesi. Usiniandikie tena mpaka mwezi wa tano.

Dada yako, Araba

Accra, 12 Mei

Ebo,

Salamu sina leo. Mfumo umekabidhiwa, nimepigiwa makofi, nikafungua simu nitazame picha zenu. Nikawaona wanachama wangu wote kando ya jeneza, wamevaa kitambaa kimoja cha msiba, chekundu na cheusi. Mpaka anayefagia jimu ameshonewa. Mimi tu sina!

Maame Nyaniba afe, azikwe, nami nijue kwa picha? Mwanachama wangu wa kwanza? Watu walipoona sipo mliwaambia nini? Nimelia chooni kazini kama mtoto. Angenifanyia hivi mgeni, ningesema ni mgeni. Wewe tumenyonya ziwa moja. Umenisaliti, Ebo. Nirudishie funguo zangu.

Araba

Takoradi, 15 Mei

Dada Araba,

Shikamoo. Pole na msiba, hata kama imechelewa.

Maame alianguka wiki ya Pasaka. Hospitalini alinisumbua, "Mpigie Araba." Nikamwambia umekataza. Akasema, "Basi mwache, mtoto ana kazi," akageukia ukutani. Alipofariki, wanachama walitaka kukupigia. Mimi ndiye niliyewazuia. Sitakudanganya kwamba nilisahau. Nilikuwa na hasira, nilitaka na wewe ikuume. Sasa imekuuma, na mimi sina raha yoyote.

Ila usiseme msaliti ni mimi peke yangu. Yule mama alikusubiri.

Funguo nimempa dereva wa basi la asubuhi. Wanachama wanasema kwako hawarudi. Jumamosi ya wiki ijayo tutakimbia kama kawaida, tukianzia kanisani.

Mdogo wako, Ebo

Takoradi, 24 Mei

Ebo,

U mzima? Nilifika jana, nikalala hapa jimu, kwenye mkeka wa mazoezi. Kulipopambazuka nikafungua milango yote, nikawasha feni, nikafuta vyuma kimoja kimoja. Nilijiambia mkifika hapa mtaingia, hata kama ni kunitukana. Nilikuwa tayari kwa matusi.

Nikawasikia toka mbali, ngoma, halafu ule wimbo wa Maame. Nikaanza kuuitikia peke yangu humu ndani, kwa sauti, ili mjue nipo. Nikakuona wewe mbele, umevaa kile kitambaa, na najua uliniona.

Mlipofika langoni kwangu mkakata wimbo, mkapita kimya.

Dada yako, Araba